Kule jua lisikokuchwa

Mwanangu mpendwa,

Ratiba yako ya Svalbard, visiwa vile vya kaskazini ya mbali, nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kalamu ikiwa mkononi. Watu wawili, siku kumi, kilomita ishirini kila siku, na siku ya mwisho asubuhi mnakunja hema, jioni mnapanda ndege. Kwenye karatasi imekaa vizuri mno. Ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na viza, maana imewakwamisha wengi. Svalbard iko chini ya Norwei, lakini kutokana na mkataba wa mwaka 1920 yenyewe haidai viza. Tatizo ni njia. Utapita Norwei bara, ambayo imo ndani ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ilhali Svalbard iko nje. Ukipanda ndege ya Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivyo, umeshatoka Schengen, na kurudi ni kuingia upya. Basi omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo utabaki huko ukihesabu mawe.

Sasa lile lililoninyima usingizi. Kule majira ya joto hakuna usiku. Tangu karibu Aprili 20 hadi baada ya Agosti 20 jua halizami, linazunguka tu angani kama mlinzi wa zamu. Sisi tunaohesabu saa kwa kuchomoza kwa jua, saa moja tutaianzia wapi? Nilipokwenda, kabla hujazaliwa, jambo hilo lilinichekesha siku ya kwanza. Siku ya tatu sikucheka.

Tulikuwa wanne. Tulivuka kijito, maji yakiishia kwenye vifundo vya miguu, tukaulekea mlima tuliodhani tutaufikia kabla ya adhuhuri. Hewa ya kule ni safi, wala hakuna mti au nyumba ya kupimia macho, kwa hiyo kilichoko mbali sana unakiona kiko hapo tu. Tukatembea. Hakuna aliyesema tupumzike, kwa kuwa hakuna giza lililotukumbusha. Tulipogeuza na kurudi hadi kwenye kile kijito, saa ilisema saa tano usiku, jua linawaka, na kijito kimekuwa mto.

Mito ya kule hutoka kwenye barafu. Joto la mchana huiyeyusha, na maji huchukua saa kadhaa kuteremka, kwa hiyo mto hufura alasiri na jioni, ukapungua alfajiri. Nilijua hayo kwa kusoma. Sasa niliyaona: maji ya rangi ya saruji iliyokorogwa, na chini yake mawe yakigongana kwa sauti nzito, sauti unayoisikia miguuni kabla ya masikioni. Tukakaa ukingoni, migongo imeegemeana, soksi mbichi, hadi saa kumi alfajiri ndipo tukavuka, mikanda ya mabegi ikiwa imefunguliwa kiunoni ili anayeanguka alitupe begi, asizame nalo.

Lakini aibu yenyewe ni hii. Pale ukingoni tulisinzia wote wanne, kila mmoja akidhani mwenzake yuko macho kuangalia dubu. Dubu hakuja, na hilo halikutokana na akili zetu.

Ndiyo maana nimepigia mstari neno lako "wawili". Dubu weupe wanazunguka visiwa vyote, majira yote. Sheria inakutaka ukitoka mjini uwe na kitu cha kuwatishia, mfano bastola ya fataki, na ofisi ya gavana inashauri pia bunduki. Tangu mwaka 2025 hairuhusiwi kumkaribia dubu chini ya mita 300, na kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni ni mita 500. Hema huzungushiwa waya wa tahadhari unaolipuka ukiguswa, lakini waya haumpi mtu ruhusa ya kulala. Zamu iko palepale. Mkiwa wawili, kila mmoja atalala nusu ya usingizi wake kwa siku kumi, na hapo ndipo watu huanza kukosea mito. Tafuteni wengine wawili, mmoja wao awe muongozaji wa huko aliyezoea bunduki. Hilo silijadili, mama.

Nguo za pamba ziache, zikilowa hazikauki. Simu ya kawaida itanyamaza mkishaacha mji, chukueni ya satelaiti. Mabaki ya kale msiyaguse hata ubao mmoja, maana yote ya kabla ya 1946 yanalindwa na sheria. Na kuna ndege weupe wembamba, membe wa Aktiki, watakaokudonoa utosini ukipita karibu na viota vyao. Inua fimbo juu ya kichwa, watahangaika na fimbo. Tulicheka sana kwa hilo, angalau.

Ratiba nimeiambatanisha. Kilomita nimezifanya kumi na mbili, siku ya tano na ya tisa nimeziacha wazi kwa ajili ya ukungu na mito, na ndege nimeisogeza mbele siku mbili. Halafu tafuta saa ya mkono inayoonyesha saa 24. Utaamka hemani, mwanga umejaa, mshale uko kwenye tatu, na hutajua kama ni alasiri au ni usiku wa manane. Mimi niliwahi kuamsha kambi nzima kwa kosa hilo.

Nijibu kuhusu hao watu wawili kabla hujalipia chochote.

Baba yako