Msimlaumu karani, angalieni kwanza tebo mliyompa

Mhariri,

Naomba kanafasi niongelee hii tabia ya kila ripoti ikitoka mbovu basi lawama zote kwa karani aliyeingiza data. Eti mzembe, eti hayuko makini. Hivi hao wanaolaumu wameshawahi kuifungua hiyo tebo yenyewe, yaani jedwali la data, wakaiangalia? Unakuta safu ya namba ya simu imeachwa wazi kila mtu anaandika anavyojisikia, mmoja anaanza na sifuri, mwingine anaanza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, wa tatu anaweka vistari katikati, wa nne kapiga herufi O badala ya sifuri na kwa macho huoni tofauti. Siku ya kumtafuta mteja kompyuta inasema hayupo, kumbe yupo tena mara tatu.

Dawa ipo na ya siku nyingi tu, ni maski ya kuingizia data, yaani kiolezo kinachopanga kila nafasi ya safu iingizwe nini. Nikichukua mfano wa Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, kwa sababu ndiyo naitumia, unafungua tebo upande wa dizaini, unachagua safu, kwenye sifa zake chini kuna sehemu ya kuandika hiyo maski. Ukiandika 0 maana yake hapo lazima tarakimu, 9 ni tarakimu ya hiari, L ni lazima herufi, alama ya kuuliza ni herufi ya hiari, na alama ya > inageuza zinazofuata kuwa herufi kubwa. Kwa hiyo namba za mafaili za mtindo wa AB-1234 unaziandikia >LL\-0000 basi, karani anapiga ab1234 haraka haraka bila kugusa shifti wala kistari, kwenye skrini inatokea AB-1234 yenyewe. Akitaka kutia herufi mahali pa tarakimu haiingii.

Sasa kuna kitu wengi hawakiangalii. Baada ya maski unaweka nukta mkato halafu 0 au 1, na hako kanamba kadogo ndiko kanakoamua kama kile kistari kinahifadhiwa pamoja na data au kinaonekana tu kwenye skrini. Ukiweka 1, au ukiacha bila kitu, kinachokaa kwenye tebo ni AB1234, we unaona AB-1234 kwa macho yako, unaandika kwenye kwiri, yaani ombi la kutafuta data, vile vile unavyoona na hupati kitu, unaanza kudhani data imefutwa. Na mtu akibadilisha hiyo 1 kuwa 0 kazi ikiwa katikati ndo balaa, maana zilizokwishaingia hazijirekebishi, unabaki na tebo moja yenye namba za aina mbili na zote ukiziangalia zinafanana.

Ila na nyie wenye dizaini msipitilize. Nimeona mtu kaweka maski ya >L<????????? kwenye safu ya majina, eti yapendeze. Alama ya < inageuza zinazofuata kuwa herufi ndogo, kwa hiyo McDonald anatoka Mcdonald, O'Brien haingii kabisa kwa sababu ya ile alama ya juu, na mwenye jina refu linakatiwa njiani. Jina la mtu ni lake jamani, liacheni. Simu nazo hivyo hivyo, kiwango cha kimataifa cha namba za simu, E.164, kinaruhusu hadi tarakimu 15, sasa we umelazimisha 10 kamili halafu anakuja mteja wa nchi nyingine, karani afanyeje? Atajaza sifuri kumi ili fomu imruhusu aendelee, na maski itapokea bila neno kwa sababu yenyewe inaangalia umbo tu, ukweli haiujui. Kwenye safu ya maandishi yenye maski ya 00/00/0000 hata 45/19/2024 inapita. Hapo tumieni safu ya aina ya tarehe, mkiongeza kanuni ya uthibitishaji kama <=Date() yaani tarehe isizidi ya leo, mtu hataweza kuzaliwa mwaka ujao.

La mwisho, na hili naomba mameneja walisome mara mbili. Maski inamkagua mtu anayetaipu. Ukiimpoti faili kutoka Excel data inapita pembeni haiulizwi chochote, na mara nyingi Excel ilishakula sifuri za mwanzo kwenye namba za simu kabla hata hujaanza kuimpoti. Data iliyokuwemo kabla ya kuweka maski nayo inabaki na uchafu wake mpaka mtu akae aisafishe. Kwa hiyo kabla hujamwandikia karani barua ya onyo, angalia kwanza hiyo rekodi iliingiaje, kwa kidole chake au kwa faili ulilotuma wewe.

Karani wa data, msomaji wenu