Mwongozo wa 504: leteni vitabu Jumapili

Habari za jioni wadau. Mwongozo wetu wa kukarabati Peugeot 504 umefika sura ya injini, na hapo tumekwama. Injini ya 1971 cc ina slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) za kuchomoa, zinazoguswa na maji moja kwa moja, kwa hiyo kimo cha slivu juu ya bloku lazima kipimwe kabla hedi, kifuniko cha juu cha injini, haijarudishwa. Kila fundi ana kipimo chake cha kichwani. Mimi naandika kilichochapishwa tu.

Mwenye kitabu cha ufundi au katalogi ya spea aje nacho, tutaskani hapo hapo aondoke nacho. Picha za simu msitume humu, WhatsApp inazibana hadi tarakimu hazisomeki. Kitabu changu chenyewe kina dole gumba la grisi juu ya namba ya jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupimia petroli. Ni 5 au 6? Mungu anajua.

Mzee wetu mwenye picha za Safari Rally ya 1975, Ove Andersson aliposhinda na 504: usizibandue, tafadhali. Njoo na albamu nzima.

Wenye pikapu, sura yenu bado. Msinune.