Kingamwili ya utafiti haifai kumpima mgonjwa

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu swali ambalo sisi tunaofanya kazi katika maabara za hapa Lubumbashi tunaulizwa mara kwa mara, hasa na wanafunzi wa udaktari: ikiwa kingamwili ya monokloni (protini ya kinga ya namna moja, itokayo kwa uzao wa seli moja) inayotambua kimeng'enya cha binadamu kiitwacho G6PD inaweza kuagizwa kutoka ng'ambo, kwa nini tusiitumie kuwapima wagonjwa wa malaria kabla ya kuwapa primakini, dawa inayoweza kupasua chembe nyekundu za damu za mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya hicho?

Njia ya kutengeneza kingamwili hizo ilibuniwa mwaka 1975 huko Cambridge na Georges Köhler na César Milstein, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne. Seli ya wengu wa panya aliyechanjwa huunganishwa na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika, na uzao wake wote hutoa kingamwili ya namna moja, inayoshika sehemu moja tu ya protini.

Katika maabara, protini za seli hutenganishwa kwa umeme ndani ya jeli na kuhamishiwa kwenye utando, kisha utando huo huloweshwa kingamwili. Kazi ikienda sawa, mstari hujitokeza karibu na kilodaltoni 59 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini), ambao ndio uzito wa G6PD. Mstari huo unatuambia kwamba protini ipo na kwa kadiri gani, lakini daktari anataka kujua kama inafanya kazi, na hilo hupimwa kwa kuangalia kasi ambayo kimeng'enya kinageuza kemikali ya seli iitwayo NADP kuwa NADPH. Kwa wanawake mambo ni magumu zaidi: kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu X, mwanamke aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja huwa na chembe nyekundu nzima zilizochanganyika na pungufu, na mstari mmoja kwenye utando hauwezi kuzitofautisha.

Isitoshe, chupa zenyewe huandikwa kwamba ni za utafiti tu, maana yake mtengenezaji hakuzithibitisha kwa kupima wagonjwa. Tena huharibika zikigandishwa na kuyeyuka mara nyingi, na kwa jinsi umeme unavyokatika mjini kwetu, anayeacha chupa nzima kwenye frigo bila kuigawa katika vichupa vidogo siku ileile inapofika anajitafutia hasara. Nimeshuhudia kifurushi kikifunguliwa, barafu yote imekuwa maji ya vuguvugu, na bado mtu akataka kuendelea na kazi.

Kwa utafiti wenyewe, nawaomba wanaosimamia tasnifu wasikubali maneno matupu ya "tulitumia kingamwili ya G6PD", kama ninavyoyasoma mara nyingi mno. Mwanafunzi aandike jina la kloni (yaani ukoo wa seli uliotoa kingamwili hiyo) na namba ya toleo iliyo kwenye chupa, na inapowezekana aijaribu kwanza kwenye seli zilizoondolewa jeni ya G6PD. Mstari ukibaki palepale, basi kingamwili imeshika kitu kingine, na matokeo hayo yasipelekwe kwa yeyote.

Wako mtiifu,
Mfanyakazi wa maabara, Lubumbashi