Kliniki za presha zitazame pia unene wa moyo

Kwa Mhariri,

Makala za afya za gazeti lako huwasihi wagonjwa wa presha wasiache dawa, nami naunga mkono wito huo kwa dhati. Hata hivyo, maelezo huishia kwenye tarakimu za mashine ya mkononi, ilhali moyo wenyewe, unaobeba mzigo huo kwa miaka mingi, hautajwi.

Presha ikikaa juu, ukuta wa chemba ya kushoto ya moyo hutuna kama misuli ya wachukuzi wa soko la Marikiti, lakini unene huo si nguvu: ukuta hukakamaa, hushindwa kutanuka ipasavyo, na hatari ya kiharusi huongezeka. La kutia moyo ni kwamba unene huo hupungua kwa dawa, ingawa dawa hazilingani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa dawa za presha za jamii ya losatani zilipunguza uzito wa chemba hiyo kwa asilimia 13, za jamii ya amlodipini kwa asilimia 11, na za jamii ya atenololi kwa asilimia 6 pekee. Losatani huzuia anjiotensini, homoni ambayo, mbali na kubana mishipa, huchochea msuli wa moyo kukua.

Moyo nao hutoa homoni zake. Kuta zake zikivutika kupita kiasi, homoni hizo huzihimiza figo zitoe chumvi na maji, na kiwango chake kikipanda daktari hushuku kwamba moyo umeelemewa. Lakini atenololi yenyewe yaweza kukipandisha, kwa sehemu kwa sababu hupunguza kasi ya mapigo, kwa hiyo matokeo ya maabara yasisomwe bila kuuliza mgonjwa anameza dawa gani.

Simwambii yeyote akimbilie duka la dawa kununua losatani. Katika utafiti mkubwa wa LIFE wa mwaka 2002, uliolinganisha losatani na atenololi, Wamarekani weusi hawakupata nafuu ya ziada waliyoipata wengine kwa dawa hiyo. Na utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanywa katika nchi sita za Afrika ikiwemo Kenya, uliona kwamba michanganyiko yenye amlodipini ndiyo iliyoshusha presha zaidi. Uamuzi ni wa daktari.

Ninachoomba ni kwamba kliniki zetu za Nairobi ziandike matokeo ya kipimo cha umeme wa moyo, kinachoweza kudokeza unene huo, kwenye kadi ya mgonjwa, kando ya presha yake, na kwamba gazeti lako liwaeleze wasomaji maana yake.

Msomaji wenu,
Donholm, Nairobi