Salamu za Shukrani kutoka kwa Familia ya Mwalimu wa Kwaya

Tumsifu Yesu Kristo.

Mama yetu, sisi watoto, wajukuu na ukoo wote wa Peramiho na Dar es Salaam tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukopesha baba yetu kwa miaka mingi kuliko tulivyostahili. Parokia nzima ilimwita Mwalimu, ingawa kazi iliyotulisha ilikuwa ya ukarani bandarini. Ualimu wake ulikuwa wa kwaya, wa jioni, usio na mshahara, na ndio uliotuletea watu wale wote mliowaona msibani.

Siku zilizotuumiza kupita zote ni zile za wodini. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia kikamfunga kauli. Mtu aliyekuwa akigeuza shingo tu na kundi zima la sauti ya tatu linajua limekosea, sasa hakuweza hata kuomba maji. Mama alikuwa akimtajia majina yetu, mmoja mmoja. Anamtazama, machozi yanamtoka, neno halitoki. Jioni moja wakaja wazee watatu wa besi, sauti nzito ya kiume katika kwaya. Muuguzi wa zamu, Mungu ambariki, akawaruhusu waimbe taratibu, ubeti mmoja tu. Walipofika kwenye kiitikio, baba akaingia. Maneno yote, yamenyooka, na besi yake ileile. Tulishikana pale tukalia. Daktari alitueleza baadaye kwamba kiharusi kinaweza kuharibu sehemu ya ubongo inayotawala usemi, uwezo wa kuimba ukabaki. Tumemwelewa, na bado tunaiita neema.

Tangu jioni hiyo wanakwaya wakapangiana zamu wenyewe, bila kuombwa. Waliokuwa wanatoka kazini Kariakoo na Posta walipitia hospitali kwanza ndipo waende nyumbani. Mara nyingine baba alianza mwenyewe Salve Regina, wimbo wa Bikira Maria, kwa Kilatini cha utotoni, na vijana wasiojua Kilatini wakamfuata kwa kumvumia. Hivyo ndivyo alivyotuaga.

Kilatini kile alikipata Peramiho, kwenye misioni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898. Hukohuko ndiko alikojifunza solfa, yaani kuandika muziki kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Aliipenda kwa sababu haidai kinanda wala karatasi ya mistari; mwenye chaki na ukuta anaweza kufundisha sauti nne. Alipokuja Dar es Salaam kutafuta kazi, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulikuwa umeshatoa hati yake ya Liturujia, yaani ya ibada, tarehe 4 Desemba 1963, na lugha za wenyeji zilikuwa zimeanza kuingia katika Misa. Kwaya ya parokia wakati huo ilikuwa kikundi kidogo cha makarani, mafundi cherehani na mama mmoja muuza samaki, mwenye sauti ya kwanza ambayo baba aliisifu mpaka uzeeni. Nyimbo za Kiswahili zilikuwa chache, wakawa wanazitunga na kuzinakili kwa mkono. Ngoma na kayamba vilipoingia kanisani, baadhi ya wazee walikasirika. Baba aliwajibu kwa upole kwamba watoto wa Kamina, kule Kongo, chini ya Padre Guido Haazen, walishaimba Misa kwa ngoma mwaka 1958, kabla hata Mtaguso haujaitishwa.

Wengi wenu mnakumbuka matamasha ya Mtakatifu Sesilia, Novemba 22, somo wa wanamuziki. Baba hakukubali tamasha lisilo na mtu wa kusaidiwa. Alipenda kusimulia kwamba mtunzi Handel alipoimbisha Messiah, utungo wake mkubwa wa kwaya, kwa mara ya kwanza, Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, mapato yalikwenda hospitalini na kwa wafungwa wa madeni. Ndiyo sababu sadaka ya matamasha yetu ilipelekwa kwa wagonjwa hata mwaka ambao kwaya yenyewe haikuwa na sare. Na Septemba 1990, Papa Yohane Paulo II alipofika Dar es Salaam, baba alikuwa miongoni mwa waimbaji. Siku hiyo aliihesabu kuwa siku kuu ya maisha yake baada ya ndoa, na Mama hakuwahi kulalamika.

Alitaka azikwe Peramiho. Safari ni ndefu, wenye kuijua wanaijua: Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, Songea. Basi la waombolezaji liliharibika usiku karibu na Makambako, na baridi ya kule haina huruma kwa watu wa pwani. Hatukuwa na ndugu hapo. Wakatokea wanakwaya wa parokia ya jirani, wamebeba chai, mablanketi na fundi. Hatujui nani aliwapigia simu. Walikaa nasi hadi gari likawaka, wakaimba rosari, na wawili kati yao wakapanda basi kutusindikiza mpaka kaburini. Ndugu zetu, hatuna cha kuwalipa, Mungu awalipe. Dereva wa gari lililobeba mwili, uliyekataa kula mpaka wote tule, tunakushukuru kwa namna ya pekee. Na wewe mama wa sauti ya pili uliyelala sakafuni pamoja na Mama yetu tangu siku ya kwanza hadi tulipoanua matanga, wewe ni dada yake sasa.

Tunawashukuru pia Paroko na mapadre wote walioadhimisha Misa, watawa wa Peramiho, madaktari na wauguzi, Jumuiya yetu, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), wastaafu wenzake wa bandarini, mjumbe na majirani, vijana waliofunga maturubai, kina mama wa jikoni, kamati ya mazishi, kwaya za parokia jirani, ndugu zetu Walutheri na Waislamu wa mtaani, waliotuma rambirambi kwa simu, na waliotuombea kimyakimya.

Tunaomba radhi sana kwa ambao hatukuwataja. Daftari la michango lililowa mvua na baadhi ya majina hayasomeki; wengine hatukuwasalimia vizuri kwa sababu ya majonzi. Tafadhali msituwekee moyoni. Kila mmoja wenu apokee shukrani hizi kana kwamba ameandikiwa yeye peke yake.

Misa ya arobaini itatangazwa kanisani. Mwenye nakala ya nyimbo zilizoandikwa kwa mkono wa Mwalimu, hata ukurasa uliochanika, tunamwomba amkabidhi katibu wa kwaya azitoe kopi, kisha atarudishiwa yake.

Raha ya milele umjalie, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.