Pipeti ivutwe kwa kipira, si kwa mdomo wa mwanafunzi

Ndugu Mhariri,

Mitihani ya vitendo ya kidato cha nne inakaribia, na watoto wetu wengi watainama tena juu ya bika, yaani kikombe cha kioo cha maabara, watie pipeti mdomoni na kuvuta. Hawataona ajabu yoyote. Walimu wao walivuta hivyo hivyo, na mimi niliyekuwa fundi sanifu wa maabara nilivuta hivyo kwa miaka mingi. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini desturi hii ikome.

Kwa wasomaji ambao hawakusoma kemia: pipeti ni mrija wa kioo wenye tumbo katikati. Katika titresheni mwanafunzi huvuta humo sentimita za ujazo 20 au 25 za myeyusho, mara nyingi haidroksidi ya sodiamu, ile besi tunayoiita kostiki soda, akaumimina kwenye flaski na kuudondoshea asidi kutoka kwenye bureti, mrija mrefu wenye koki, hadi rangi ibadilike. Wakati wa kuvuta, ncha ya chini lazima izame. Watoto wanne watano wakichangia bika moja, myeyusho hupungua. Mvutaji hajui, kwa sababu macho yake yako juu kwenye alama ya kipimo. Ncha ikishika hewa tu, kilichokwisha kupanda humrukia mdomoni kwa mkupuo. Tusimwite mtoto huyo mzembe. Hata fundi mzoefu jambo hili humpata.

Nililishuhudia hili miaka michache kabla ya kustaafu. Msichana wa kidato cha tatu alichukua bika isiyo yake. Ilikuwa na myeyusho mzito wa akiba niliouandaa asubuhi, gramu 80 kwa lita, ili baadaye niuzimue. Bika zote zilionekana kama maji, na ile ya akiba sikuwa nimeibandika karatasi ya jina. Kosa hilo lilikuwa langu, na sijalisahau.

Alipiga yowe moja, akashika mdomo. Wenzake walitawanyika huku na huku, na mmoja akapaza sauti: "Ndimu! Leteni ndimu!" Nimemfikiria sana mtoto yule aliyetaka ndimu. Alikuwa amesoma vizuri. Darasani aliambiwa kwamba asidi na besi huondoana makali, akatumia alichofundishwa. Hakuna aliyemwambia kwamba zikikutana hutoa joto, na joto hilo ndani ya mdomo uliokwisha kuungua ni kidonda juu ya kidonda. Mwingine alitaka mwenzao atapishwe, jambo ambalo ni baya zaidi, maana kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda. Tulimsukutua kwa maji matupu, kwa muda mrefu, tukamkimbiza hospitali. Alipona, lakini kwa wiki kadhaa aliishi kwa uji.

Besi kali hudharauliwa kwa kuwa mara nyingi haiumi papo hapo kama asidi. Ukiigusa, vidole huteleza kama sabuni, na kweli ni sabuni hiyo: inayageuza mafuta ya ngozi yako. Akina mama wanaotengeneza sabuni za miche wanaijua kostiki soda, na hawaichezei. Jichoni ni hatari zaidi. Asidi nyingi hugandisha nyama ya juu, na ule mgando ukaizuia kwa kiasi isiendelee. Besi huzidi kuzama.

Wapo walimu watakaosema kwamba myeyusho wa mtihani ni hafifu, 0.1 M, gramu 4 tu kwa lita. Ni kweli. Lakini mazoea hayachagui chupa. Mtoto aliyezoea kuvuta myeyusho hafifu kwa mdomo ndiye atakayefika kidato cha sita avute asidi oksaliki, ambayo ni sumu, na kisha chuoni avute sampuli zenye vijidudu. Kisa kimoja cha kale cha maabara kinachotajwa sana ni cha mwaka 1893, cha daktari aliyevuta kwa pipeti vijidudu vya homa ya matumbo vikamwingia mdomoni.

Kinachonisikitisha ni kwamba usalama wa maabara tunaufundisha. Ni miongoni mwa mada za mwanzo za kemia ya kidato cha kwanza. Watoto wanakariri vilivyomo kwenye sanduku la huduma ya kwanza, wanajibu mtihani, wanapata alama, na sanduku lenyewe hawajaliona. Wanakariri kwa Kiingereza, miezi michache tu baada ya kumaliza shule ya msingi kwa Kiswahili. Neno la kumwokoa mtoto jicho lapaswa kumfikia kwa lugha anayoiota usiku. Bango la Kiswahili ukutani halivunji mtaala wowote.

Mwaka 2014 wananchi tulichangishwa kujenga maabara tatu katika kila shule ya kata, kwa agizo la Rais Kikwete. Nilitoa mchango wangu kwa moyo mmoja. Majengo hayo sasa yanastahili vitu vidogo vya kuyafanya yawe salama. Kipira cha kuvutia pipeti, kinachobanwa kwa mkono badala ya kuvuta kwa mdomo, ni kimoja. Kikikosekana, chukua bomba la sindano kutoka duka la dawa, uliunganishe na pipeti kwa kipande kifupi cha mpira wa dripu. Nimelitumia hilo kwa miaka na linafanya kazi. Kitu kingine ni maji. Kiwango cha Marekani cha kuosha jicho ni angalau lita 1.5 kwa dakika kwa dakika 15, yaani lita 22.5. Zile ndoo za koki tulizonunua wakati wa korona zinatosha kuanzia, mbili zilizojaa, juu ya meza, kabla mtoto wa kwanza hajaingia. Shule ngapi zimezitupa stoo?

Miwani ya kinga nayo inahitajika, na najua ni ghali zaidi. Tuanze na kipira.

Ombi langu kwa wathibiti ubora wa shule ni kwamba wakifika maabara waombe kuona mwanafunzi akivuta pipeti, badala ya kuhesabu chupa. Kwa Baraza la Mitihani ninaomba jambo moja dogo. Kabla ya mtihani wa vitendo shule hupewa orodha ya vifaa vya kuandaa. Kipira kiandikwe kwenye orodha hiyo, kimoja kwa kila pipeti. Kikiandikwa, kitanunuliwa, kwa sababu hakuna mkuu wa shule anayethubutu kuupokea mtihani na orodha pungufu.

Fundi sanifu maabara mstaafu,
Iringa