Kilomita elfu mbili za kwanza

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi, na hongera kwa hiyo BMW M2. Umeuliza kama ni kweli gari jipya la kasi linataka kuzoeshwa, au ni habari za enzi za babu zetu. Ni kweli, ila wengi wanalielewa vibaya. Kuzoesha gari si kutambaa. Injini mpya inataka mzigo unaobadilikabadilika, joto kamili, na mizunguko isiyofika juu kabisa. Anayelipeleka kwa mwendo wa harusi mwezi mzima anaikosea injini karibu sawa na yule anayeikanyaga siku ya kwanza.

Mipaka imeshaandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa magari ya M, yaani yale ya kasi ya BMW kama lako, hadi kilomita 2,000 usivuke mizunguko 5,500 kwa dakika wala kilomita 170 kwa saa, na usikanyage mafuta mpaka mwisho. Kuanzia hapo hadi 5,000 unapandisha kidogo kidogo. Corvette, gari la kasi la Wamarekani, wana hesabu yao: mizunguko isizidi 4,000 kwa kilomita 800 za kwanza, na uwanja wa mbio usiuguse kabla ya kilomita 2,400 hivi. Mtu akikupa namba za gari lake mshukuru, kisha rudi kwenye kitabu chako. Injini hazifanani, na aliyeiunda yako ndiye anayejua chuma alichotumia.

Sababu ya yote hayo iko kwenye ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni na kuziba nafasi kati yake na silinda. Ukuta wa silinda hausuguliwi ukawa kama kioo. Unaachiwa kwa makusudi mikwaruzo myembamba inayopishana kwa mshazari ili oili ikae humo. Kwenye injini yako ukuta huo ni tabaka jembamba la chuma lililopulizwa juu ya alumini, hakuna slivu, yaani bomba la chuma la kuchomekwa. Hata ukitengenezwa kwa uangalifu namna gani, hubaki vincha vidogo ambavyo ringi lazima ivisugue mpaka vilingane. Sasa, ringi haibanwi ukutani na mkazo wake peke yake. Kazi kubwa inafanywa na gesi ya mwako: inapenya nyuma ya ringi, kwenye mfereji wake, na kuisukuma nje. Mguu ukiwa mwepesi siku zote, msukumo huo ni dhaifu, ringi inateleza juu ya oili bila kusugua, na oili inayobaki ukutani inaungua taratibu ikiacha utando mgumu unaong'aa. Utando ukishaziba mikwaruzo, mchezo umekwisha: gesi inavujia chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili inapanda kwenye mwako, na unaanza kuongeza oili mara kwa mara. Mara nyingi dawa yake ni kufungua injini.

Kwa hiyo wale wanaosema "ikanyage tangu mwanzo" wana chembe ya ukweli. Wanachokosea ni kuchanganya mzigo na mizunguko. Mizunguko ikiongezeka mara mbili, nguvu inayoivuta pistoni kila inapogeuza mwendo inaongezeka mara nne, na vile vincha vinasuguana kwa kasi ambayo joto lake linaweza kuifanya ringi iumane na ukuta. Mzigo wa kati kwenye mizunguko ya kati unakupa msukumo wa gesi unaoutaka bila hatari hiyo.

Kwa vitendo, injini ikishapata joto, tafuta barabara isiyo na foleni, ikiwa na vilima ni bora zaidi. Weka gea ya tatu au ya nne, anzia mizunguko 2,500, kanyaga mafuta nusu au zaidi ya nusu kidogo hadi 4,000, kisha achia mguu gari lishuke lenyewe kwa breki ya injini mpaka 2,500. Rudia mara tano au sita, halafu endesha kawaida kwa dakika kadhaa ili joto litawanyike. Kila ukimaliza kilomita mia tatu hivi ongeza mizunguko 300, ukikaribia 2,000 utakuwa umeshafika kwenye 5,500. Safari ndefu haina ubaya, ila usiifunge kruzi, ule mfumo unaoshika mwendo wenyewe, ukaenda saa nzima kwa mwendo mmoja. Badilisha gea, badilisha mwendo.

Kosa moja hufanywa na waungwana wanaodhani wanaitunza injini: gea ya sita, mizunguko 1,500, kilima mbele, na mguu unazama. Kwenye injini ya turbo inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hapo ndipo mchanganyiko unaweza kuwaka wenyewe kabla ya cheche ya plagi. Mgongano wake unaweza kuvunja ringi au kipande cha pistoni. Shuka gea mbili kwanza, ndipo ukanyage.

Kuhusu joto, usidanganyike na maji. Maji ya rejeta yanawahi, oili inachelewa, na inayolinda beringi, vile vikalio ambamo shafti za injini huzunguka, ni oili. Tazama kipimo cha oili, na kabla haijafika nyuzi 80 usivuke mizunguko 3,000. Gari lako lenyewe linakusaidia: kwenye kipimo cha mizunguko alama ya onyo hukaa chini injini ikiwa baridi, ikapanda kadiri oili inavyopata joto. Lakini usiliache likinguruma nusu saa bila kutembea. Washa, subiri nusu dakika, ondoka polepole. Injini inayonguruma gari likiwa limesimama inapata joto taratibu sana, na wakati huo petroli ya ziada inaosha oili ukutani. Vivyo hivyo safari za dakika tano tano: oili haifiki joto la kuvukiza maji na petroli vilivyoingia ndani yake. Kama wiki yako ni ya kwenda karibu tu, tenga muda wa kulitoa gari barabara kuu angalau mara moja, dakika arobaini hivi bila kuzima.

Oili ya kiwandani iache ndani. Ile hofu kwamba oili ya sintetiki huzuia ringi kukaa imepitwa na wakati, maana magari mengi ya aina hii yanatoka kiwandani nayo. Usiongeze dawa yoyote ya chupa. Kwa magari ya M kuna huduma ya kilomita 2,000, na hii usiikose wala usiisogeze: wanabadilisha oili ya injini na filta yake, pamoja na oili ya difu, ule mfumo wa meno unaogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Oili hiyo ya kwanza imebeba unga wa chuma wa kipindi chote cha kuzoeana. Ukiamua kupeleka sampuli maabara, usishtuke ukiona silikoni nyingi. Kwenye injini ya zamani ingekufanya ushuku filta ya hewa inapitisha vumbi, lakini kwenye injini mpya kwa kawaida inatoka kwenye gundi za kuzibia maungio. Shaba na chuma navyo huwa juu mara ya kwanza. Cha kuangalia ni kama vinashuka kwenye sampuli ya pili.

Injini hiyo haina kijiti cha oili, kipimo ni cha umeme. Pima injini ikiwa moto, gari likiwa mahali tambarare, kila unapojaza tangi. Kunywa oili kidogo mwanzoni ni kawaida. Ikipungua, ongeza nusu lita kisha pima tena, usimimine lita nzima kwa kukisia. Oili ikizidi, krenkishafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inaipiga ikawa povu, na povu halilainishi beringi.

Sasa breki, ambazo naona zinasahaulika kuliko kitu kingine chochote. Pedi mpya haishiki vizuri kwa sababu mbili: uso wake haujalingana na diski, na diski haijapata ule utando mwembamba wa pedi ambao ndio unaoleta mshiko wenyewe. Kitabu kinasema pedi na diski zinahitaji kilomita 500 hivi. Mia mbili za kwanza funga breki mapema na kwa upole. Baadaye, ukipata barabara tupu na salama, zifanyie kazi: kutoka kilomita 100 kwa saa shuka hadi 20 kwa mkanyago thabiti, usifike kiwango cha ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, kutetemesha pedali, kisha ongeza mwendo tena. Mara nane zinatosha. Usisimame kabisa katikati ya zoezi, na ukimaliza endesha dakika kumi bila kugusa breki, kadiri barabara inavyoruhusu, ili zipoe kwa upepo.

Kwa nini usisimame? Pedi iliyo moto ikikaa imebanwa mahali pamoja inaacha alama yake hapo kwenye diski. Mahali hapo panashika zaidi, panapata joto zaidi, panaokota pedi zaidi, na baada ya muda usukani unatetemeka kila unapofunga breki kutoka mwendo mkubwa. Fundi atakwambia diski imepinda. Mara nyingi haijapinda hata kidogo, ni utando uliokaa mafungu mafungu. Ukiwahi, zoezi lile lile likirudiwa linaweza kuusawazisha. Harufu kidogo na moshi mwepesi visikutishe, ila pedali ikianza kuwa laini na kuzama, acha mara moja upoze. Kama umechukua diski za kaboni, usitumie utaratibu huu, fuata ule ulioandikwa kwa ajili yake tu.

Difu nayo ni mpya. Meno yake yanasagana kwa kuteleza, siyo kubiringika tu, na ndani yake kuna sahani za klachi zinazoifunga. Haitaki kuanza kwa vishindo wala tairi moja kuzunguka hovyo kwenye mchanga. Hizo burudani za kuteleza kitako nje ziache mpaka oili yake ibadilishwe. Klachi ya gia za mkono inataka kilomita 500 hivi pia: achia pedali kamili kila ukibadilisha, usiishikilie nusu kwenye kilima badala ya breki, na ule mfumo wa kuondokea kwa nguvu zote usiuguse katika kipindi hiki.

Tairi zinahitaji kilomita 300. Uso wake ni laini kutoka kwenye kalibu, na mpira haujapata kukwaruzwa na lami, kwa hiyo mshiko wa siku ya kwanza si ule uliousoma. Mvua ikinyesha siku unapolichukua, kumbuka kwamba una tairi mpya, breki mpya na nguvu nyingi nyuma, vyote kwa pamoja. Acha mfumo wa kuzuia kuteleza ukiwa umewashwa. Pima upepo tairi zikiwa baridi. Joto likipanda nyuzi 10 upepo unapanda karibu baa 0.1, kwa hiyo ukipima baada ya safari na kupunguza hadi namba ya kitabu, kesho asubuhi utakuwa umepungukiwa.

Hapo nimekumbuka siku ya kukabidhiwa, na ningekuomba uitumie vizuri kabla hujatia saini. Magari husafirishwa tairi zikiwa zimejazwa upepo mwingi kupita kawaida, na mara nyingine muuzaji anasahau kuupunguza. Gari linarukaruka, mwenyewe analaumu sasipensheni. Baadhi ya magari ya chini huwekewa pia vizuizi kwenye springi ili yasibonyee melini. Uliza kama gari lako lilikuwa navyo na kama vimetolewa vyote, inama utazame mwenyewe. Uliza betri ilichajiwa lini, kwa sababu gari lililokaa bandarini miezi linaweza kuja na betri iliyochoka ikakusumbua kwa taa za onyo zisizo na kichwa wala miguu. Tazama kiwango cha oili kwenye skrini pamoja nao. Na soma kilomita: chache tu ni za kulihamisha, lakini ukikuta mia na kitu, ujue kuna mtu ameshalizoesha kwa namna yake, na una haki ya kuuliza ni nani na alilipelekaje.

Weka miadi ya huduma ya 2,000 ukifika 1,500, maana nafasi hazipatikani siku hiyo hiyo. Na kama unafikiria uwanja wa mbio, mwambie fundi wakati huo huo akuwekee mafuta ya breki yanayochemka kwa joto la juu zaidi. Ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani, na yakichemka katikati ya kona pedali inafika chini bila kushika kitu.

Wasalimie wote nyumbani. Ukishalichukua niandikie umekuta upepo kiasi gani kwenye tairi.

Wako,
Hamadi